Sakafu Iliyokunywa Masika

Simu ilinijia mwezi wa Mei, mvua ya masika imekaza tangu alfajiri, na mlinzi wa ile nyumba ya Nyali hakuanza hata kwa salamu. "Madamu, njoo uone. Ukumbi umeinuka." Nilidhani amekosea neno. Nilipofika nikavua viatu mlangoni, nikatia mguu ndani, na ubao wa kwanza ukalia chini ya unyayo kama mlango usiotiwa mafuta. Katikati ya ukumbi sakafu ya mwaloni niliyoitandika miezi mitatu kabla ilikuwa imejipandisha mfano wa tuta la viazi. Niliinama nikapitisha mkono mzima chini yake. Upande wa dirisha la baharini mbao zilikuwa zimeusukuma ubao wa pembeni, ule unaopita chini ya ukuta, mpaka plasta ikapasuka.

Wakati huo nilikuwa na miaka sita katika kazi ya kupanga na kupamba nyumba hapa Mombasa. Nilijua rangi, nilijua taa, nilijua pazia la aina gani linastahimili upepo wa kusi bila kupaa hadi darini. Sakafu za mbao nilizichagua kwa macho: hii ina mishipa mizuri, hii rangi yake imeiva, hii itakwenda na makochi. Nyumba ile ndiyo iliyonifundisha kwamba kuna jambo ubao huulizwa kabla ya rangi: umebeba maji kiasi gani, na nyumba unayokwenda kukaa itakunywesha kiasi gani.

Mwenye nyumba alikuwa ameishi Ulaya miaka mingi, na alitaka sakafu kama aliyoizoea huko, mwaloni mtupu, mbao pana, ubao mzima tangu juu hadi chini. Zikaja kwa meli mpaka Kilindini zikiwa zimefungwa plastiki. Nakumbuka furaha yangu nilipochana ile plastiki. Zilikuwa zimenyooka kama rula. Hazina fundo, hazina ufa. Nilizipiga picha nyingi siku hiyo.

Kunyooka kule kulikuwa na sababu. Zilikaushwa kwenye tanuri kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi, ambako vipasha joto huikausha hewa ya ndani miezi mingi ya mwaka, na mbao za namna hiyo hutoka kiwandani zikiwa na unyevu wa asilimia 8 au 9 hivi. Hewa yetu ni nyingine. Kwa wastani wa mwaka unyevu wa hewa ya Mombasa hucheza karibu na asilimia 75 hadi 80, na ubao ukikaa katika hewa kama hiyo, hata usiguswe na tone la maji, huendelea kuvuta mvuke mpaka ufike asilimia 14 au 15. Hapo ndipo hutulia.

Baadaye nilikaa na kalamu nikafanya hesabu ambayo ingenichukua dakika kumi kabla ya kazi. Ubao wa mwaloni wenye upana wa milimita 120, uliopasuliwa bapa, yaani pete za mti zimelala sambamba na uso wake, ukitoka unyevu wa asilimia 8 hadi 14 hutanuka kama milimita 2 na nusu. Mtu akiambiwa milimita 2 na nusu hashtuki. Lakini ukumbi ule ulikuwa na upana wa mita 5, yaani mbao arobaini na moja zimekaa ubavu kwa ubavu. Jumla inakaribia sentimita 10. Gundi na msuguano huzuia sehemu ya mwendo huo, kwa hiyo sakafu haitembei sentimita zote kumi, ila nguvu iliyozuiwa haipotei. Hutafuta njia, na njia iliyobaki ni kwenda juu.

Na mimi nilikuwa nimeifungia njia zote za pembeni. Fundi aliniuliza aache nafasi ya kiasi gani ukutani, nikamwambia abane kabisa, sitaki mwanya uonekane. Leo hakuna sakafu ya mbao nzima ninayoisimamia isiyoachwa nafasi ya milimita 12 au 15 kuzunguka chumba kizima, na pana zaidi chumba kikiwa kipana. Nafasi yenyewe hufunikwa na ubao wa pembeni, ambao hupigiliwa ukutani. Ukiupigilia kwenye sakafu umeifunga tena.

Kosa jingine lilikuwa chini, nisikokutazama. Simiti ya kusawazisha ilikuwa imemwagwa wiki tatu tu kabla ya mbao. Ilikuwa imekauka juu, ukiigusa ni baridi kidogo, basi. Mafundi wenye uzoefu huhesabu siku moja kwa kila milimita ya unene, na hiyo ni kwa tabaka lisilozidi milimita 50, katika hewa inayokausha vizuri. Tabaka letu lilikuwa la milimita 60. Kwa hiyo mwaloni wangu ulikuwa unakunywa juu kutoka hewani na chini kutoka kwenye simiti, na ukinywa zaidi chini kuliko juu ndipo kila ubao hujikunja kingo zikainuka. Siku hizi nakata kipande cha plastiki chenye ukubwa wa mita moja kwa mita moja, nakibandika kwenye simiti kwa utepe wa gundi pande zote nne, nakiacha siku tatu. Nikikibandua nikakuta umande chini yake, au simiti imegeuka rangi ikawa nyeusi zaidi, mafundi wa mbao wanarudi kwao. Kwa kazi kubwa nataka na vipimo vya mashine pia, maana plastiki haikwambii yote.

Majira nayo yalinihadaa. Tuliitandika Februari, kaskazi inavuma, jua kali, na viyoyozi vinawaka mchana kutwa kwa sababu mwenye nyumba alikuwepo. Katika hali hiyo sakafu ilipendeza mno. Kisha akasafiri. Akazima umeme wote kasoro wa taa za nje, akafunga madirisha yote, akamwachia mlinzi ufunguo. Nyumba iliyokuwa kavu kwa mashine ikafungwa kama chupa, Aprili ikaja na mvua zake, Mei ikaja na zaidi. Mimi sikuwahi kumuuliza utakaa miezi mingapi kwa mwaka, wala nani atakuwa akifungua madirisha ukiwa haupo. Sasa hilo ni swali langu la mwanzo kwa mteja, kabla sijafungua kitabu cha rangi. Nyumba ya kiyoyozi cha kudumu, nyumba ya madirisha wazi na pangaboi, na nyumba ya wageni wa likizo inayofungwa nusu mwaka ni nyumba tatu tofauti kwa ubao, hata zikiwa mtaa mmoja.

Nilirudisha ujira wangu wote. Mbao tukazing'oa, zile zilizopona zikapangwa bandani. Mwenye nyumba alinisema kwa upole sana, na upole ule uliniumiza kuliko kama angenipigia kelele.

Mjomba wangu ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa seremala mmoja wa Mji wa Kale, mzee aliyekuwa akitengeneza milango ya nakshi tangu ujana wake. Karakana yake ilikuwa kichochoroni, haina hata kibao, inatambulikana kwa sauti ya randa. Tulimsalimia, mjomba akamweleza shida yangu. Mzee hakuacha kupiga randa mpaka alipomaliza ubao wake.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe wanunua mbao kama wanunua kanga. Watizama rangi na jina lililoandikwa."

Akaniuliza kama nyumbani kwetu twaweka chumvi kwenye kibakuli. Nikasema ndiyo. "Masika chumvi huwaje?" Nikasema hulowa. "Nani aliyeitia maji?" Nikanyamaza. "Basi na ubao ni hivyo hivyo. Chumvi hulowa, na ubao hulowa, ila ubao una nguvu ya kuvunja ukuta."

Nilikwenda kwake karibu kila Alhamisi kwa muda wa mwaka mzima. Alinifundisha kwanza kuutazama ubao kichwani, pale ulipokatwa, kabla ya kuutazama uso. Ukiona zile pete za ukuaji zimelala sambamba na uso wa ubao, huo umepasuliwa bapa na utatanuka sana kwa upana na kujikunja. Ukiziona pete zimesimama wima, mwendo wake ni kama nusu ya ule wa kwanza. Ubao wa pete wima haupatikani kirahisi, kwa sababu gogo likipasuliwa hivyo mabaki huwa mengi, lakini kwa ukumbi wa karibu na bahari ninapendelea mbao nyembamba za pete wima kuliko mbao pana za kupendeza. Urefu haunipi wasiwasi. Ubao hautembei kwa urefu wake kiasi cha kumsumbua mtu.

Alinifundisha pia kutenga weupe na kiini. Weupe ni ule mti wa nje, chini ya gome, na ndio chakula cha bungua. Ukiona tundu kama la ncha ya sindano na unga laini chini yake, tazama kama tundu liko kwenye weupe. Mara nyingi liko huko. Watu husema msaji, ambao wengine huuita mtiki, hauliwi na wadudu. Kiini cha msaji uliokomaa ndicho kisicholiwa kirahisi. Msaji uliokatwa mchanga wakati wa kupunguza miti shambani huwa na weupe mwingi, na mchwa wa Mombasa hawasomi jina kwenye risiti. Nilishaletewa lori zima la "msaji" ambalo theluthi yake ilikuwa rangi ya maziwa. Nikalirudisha, na yule muuzaji hajanisamehe mpaka leo.

Kwa ukanda huu, msaji mzuri ninaoupata mwingi wake umetoka Tanzania. Kule Tanga, wilayani Muheza, kuna mashamba ya serikali ya Longuza chini ya milima ya Usambara Mashariki, na kuna Mtibwa huko Morogoro. Ninaupenda msaji kwa sakafu zetu kwa sababu mwendo wake ni mdogo: ubao wa msaji wa upana ule ule hutanuka karibu nusu ya mwaloni kwa mabadiliko yale yale ya unyevu. Una mafuta yake ya asili. Mafuta hayo hayo huikataa gundi, basi kabla ya kugundisha fundi aupanguse kwa spiriti au tina na agundishe papo hapo, asiende kwanza kunywa chai.

Mninga nao hautembei sana, na rangi yake ya asali nyekundu hunifanya nisahau bei. Mbambakofi ni mgumu, mzito, ndio mti wa milango mingi ya kale katika pwani hii. Ukishakauka hutulia, lakini kukauka kwake ni kwa polepole, na ndipo wanunuzi hupatwa: muuzaji ana haraka, mbao juu zimekauka, ndani bado zimelowa. Mzee alikuwa akiweka kiganja juu ya ubao, kisha anaunyanyua na kuulinganisha na mwenzake wa kipimo kile kile. Mimi sina mkono wake. Nilinunua mashine ndogo ya sindano mbili za kuchomeka kwenye ubao, nayo imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa kingine chochote nilichonacho. Huwa nakata kipande nikapime katikati, maana uso wa ubao hudanganya.

Mvule una hadithi yake. Ni mti wetu wa heshima, na kwa matumizi magumu una sifa zote, ila una mambo mawili ambayo mpambaji lazima ayajue. La kwanza ni la fundi: ndani ya mvule mara nyingine mna mawe, chokaa iliyoganda ndani ya mti wenyewe, na msumeno ukikutana nayo meno huisha. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa si anasa. La pili ni la mwenye nyumba. Mvule ukiwa mpya ni wa manjano manjano, kisha mwanga huugeuza kuwa kahawia iliyokolea. Kule Kizingo nilimtandikia shangazi mmoja sakafu ya mvule, na wiki ile ile akaweka zulia kubwa alilopewa na wanawe. Mwaka uliofuata akataka kulihamisha. Chini yake palikuwa na mstatili wa manjano uliochorwa kama kwa rula. Nilimwambia asijali, asiweke kitu hapo, aache mapazia wazi. Ilichukua miezi, lakini palirudi. Tangu hapo huwaomba watu wasiweke mazulia kwa miezi kadhaa ya mwanzo, au wawe wanayahamisha.

Neno "mbao ngumu" lenyewe lisimpumbaze mtu. Mkaratusi ni mbao ngumu pia, na ni rahisi kupata, lakini nimeuona ukijipinda na kupasuka hata baada ya kupigwa vanishi. Ugumu unakwambia kama kisigino kitaacha alama. Haukwambii kama sakafu itabaki mahali pake masika ikija.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi, ingawa jambo lenyewe si fupi. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilisitisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na kazi zangu mbili zilisimama kwa sababu mbao zilipanda bei ghafla. Mwaka 2022, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliofanyika Panama, mbambakofi na jamaa zake wa Afrika, mikangazi, na jamii ya mninga ziliingizwa katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali. Mimi naomba vibali kabla ya kulipa malipo ya awali. Muuzaji akianza kunizungusha, naondoka, hata mbao ziwe nzuri vipi. Naipenda kazi hii kwa sababu ya miti, siwezi kuifanya kwa kuimaliza miti yenyewe.

Kazi niliyoipenda kuliko zote sikununua ubao hata mmoja. Jengo moja la zamani mjini lilikuwa likibomolewa ndani, na msimamizi alinipigia simu kuuliza kama nataka vibao vya sakafu kabla havijageuzwa kuni. Nilikuta marundo ya vipande vidogo, kila kimoja hakizidi urefu wa kiganja na vidole, vyeusi kwa vumbi na vimeganda lami upande wa chini, kwa sababu parketi za zamani zilibandikwa kwa lami. Nilichukua kimoja nikakipiga msasa. Harufu ikapanda, tamu, karibu na harufu ya sandali. Ilikuwa muhuhu.

Muhuhu ni mti wa misitu mikavu ya pwani yetu na ya bara. Arabuko Sokoke, huko Kilifi, ni mojawapo ya makao yake. Ni mbao nzito, iliyoshikamana, isiyolika kwa miguu ya watu, na parketi zake zilitandikwa katika nyumba na ofisi nyingi za Kenya enzi za ukoloni na baada ya hapo. Wachonga vinyago nao waliupenda. Kati ya vinyago, parketi na kuni, mti umepungua sana, na sioni sababu ya mtu kukata mpya kwa ajili ya ukumbi wake. Lakini vile vilivyokwisha kukatwa miaka ile, kuvitia motoni ni msiba.

Tulikaa wiki saba tukikwangua lami. Vijana wanne, visu vya kukwangulia, barakoa, na mimi nikimpokea kila aliyechoka. Tulivitandika katika ghorofa ya Ganjoni kwa mtindo wa mkeka, vinne huku, vinne kule. Pale ndipo nilipofahamu kwa nini wale wa zamani walipenda vipande vidogo. Kipande chenye upana wa sentimita 5 hutanuka kidogo mno, na kwa kuwa nusu ya vipande vimeelekea huku na nusu kule, mwendo hautembei wote upande mmoja wa chumba. Kila kiungo hupokea kidogo chake. Sakafu ile imekwisha kupita masika kadhaa sasa. Nilikwenda mwaka jana nikajilaza kifudifudi, shavu kwenye ubao, nikatazama kwa mwanga wa dirisha. Iko bapa.

Zipo nyumba ambazo nimekataa. Mji wa Kale kuna bibi mmoja alitaka kuweka mbao chini, katika ukumbi wa kuingilia, ili ufanane na wa juu. Nyumba yenyewe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko, vyumba virefu vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana. Kuta za chini hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi, utaona chokaa imechipua unga mweupe mpaka usawa wa goti. Nikiweka plastiki ili kukinga mbao, maji yatakosa pa kutokea sakafuni na kupanda zaidi ukutani. Nisipoweka, mbao zitaoza. Nilimwambia, "Bibi, hapa pataka sakafu inayopumua, chokaa au mawe, na mikeka juu." Hakufurahi. Juu tuliweka msaji mwembamba juu ya reli, yaani vipande virefu vya mbao vilivyolazwa chini yake, baada ya mhandisi kukagua boriti na baada ya ofisi ya hifadhi kupitisha ramani, maana mtaa ule ni eneo la hifadhi na mtu hajengi apendavyo. Skrubu zote zilikuwa za shaba. Ya chuma cha kawaida, kwa hewa ya chumvi ya pale, ingetoa kutu na kuacha doa jeusi kuzunguka kichwa chake kabla miaka miwili haijaisha.

Halafu kuna namna watu wanavyoishi, ambayo hakuna katalogi iliyoiandika. Sisi hupiga deki. Dada wa kazi amefundishwa tangu utotoni kwamba sakafu safi ni ile iliyomwagiwa ndoo ya maji na kuvutwa kwa tambara. Ukimwekea sakafu ya mbao bila kuzungumza naye, ameiua kwa bidii yake, na lawama si yake. Siku ya kukabidhi kazi mimi hukaa naye yeye kwanza, kabla ya mwenye nyumba. Tunafagia pamoja kwa ufagio laini, tunakamua tambara mpaka lisidondoke, namwonyesha kwa nini mchanga wa ufukweni ni adui kuliko maji: ni vipande vya matumbawe na mawe, ukiburutwa na kiti hukwaruza vanishi kama msasa. Kuvua viatu mlangoni tayari ni mila yetu, nashukuru sana kwa hilo.

Na kuna udhu. Katika nyumba ya Waislamu watu hutoka bafuni na miguu inayochuruzika mara tano kwa siku, kwenda pale pale wanaposalia. Miaka ya mwanzo sikuliwaza, ingawa nyumbani kwetu ni hivyo hivyo. Niliona tu mbao za mlango wa bafu zimegeuka nyeusi kwenye viungo, vanishi imechanika, maji yameingia chini yake na hayana pa kutokea. Sasa huchora mpaka: kuanzia mlango wa bafu hatua mbili au tatu ni terazo au jiwe, mbao zianzie hapo. Na pale penye matumizi mengi huchagua mafuta ya mbao badala ya vanishi. Mafuta hayang'ai hivyo, na hutaka kupakwa tena kila baada ya muda, lakini doa likitokea unalipiga msasa mahali pake tu na kupaka. Vanishi ikichanika hutaka chumba kizima.

Mteja asiye na subira, au mwenye nyumba ya kupangisha kwa wageni, mimi humwelekeza kwenye mbao za tabaka: uso wa mbao halisi wa milimita 3 hadi 6 juu ya plaiwudi. Tabaka zimepishana mielekeo, zinazuiana, mwendo ni mdogo. Nazitumia bila aibu. Namwuliza muuzaji gundi ni ya kustahimili unyevu au la, na uso una unene gani, maana uso wa milimita 2 haupigwi msasa zaidi ya mara moja, kama hata hiyo moja inawezekana.

Sasa nina kazi Tudor, ghorofa ya tatu, madirisha yanatazama mkono wa bahari, hawana kiyoyozi. Mbao za msaji ziliingia wiki mbili zilizopita. Zimepangwa katikati ya chumba kile kile zitakachotandikwa, kila safu imetengwa na nyingine kwa vijiti, madirisha wazi mchana na kufungwa usiku kama familia itakavyofanya ikihamia. Zilipofika zilisoma asilimia 11. Juzi zilisoma 12 na nusu. Mama mwenye nyumba amenipigia simu mara mbili leo kuuliza fundi anaanza lini, kwa sababu ana harusi ya mwanawe na wageni wa kutoka Lamu na Tanga watalala pale. Nimemwambia, "Mama, nitapima tena kesho asubuhi." Ile mashine ya sindano mbili iko kwenye mkoba wangu tangu sasa, na betri nimebadilisha.